Tuwataje Mashujaa wa Ng'ambo

Ndugu zangu wa Kisauni, Likoni na Changamwe, nina ombi, na nalitanguliza kabla ya maelezo. Sikukuu ya Mashujaa ijayo, tarehe 20 Oktoba, kila nyumba ilete jina moja. Liwe jina la mtu wenu aliyesimamia haki ya wenzake, awe yu hai au ametangulia mbele ya haki, mtu ambaye mkiulizwa alifanya nini mnaweza kueleza bila kubabaika. Tuyakusanye majina hayo mtaa kwa mtaa, tuyasome hadharani hukuhuku tunakokaa, kisha tuyapeleke makumbusho na kwa Baraza la Kitaifa la Mashujaa yakaandikwe.

Nimesema hukuhuku kwa makusudi. Makumbusho makubwa ya Mombasa ni Fort Jesus, nayo iko kisiwani. Ni hazina yetu sote. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikaja kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtoto wa Mtongwe akipelekwa na shule yake ataona mizinga, vyungu vya kale na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi kutoka kwenye ile merikebu ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697. Jioni atapanda feri arudi kwao akidhani historia ameiacha upande wa pili wa maji. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka tumvue, kwa sababu ukitafuta mahali ambapo watu wa kawaida wa Mombasa walidai kuhesabiwa kuwa watu, mara nyingi utavuka daraja au kivuko kuja kwetu.

Tuanze Kisauni ya zamani. Makanga wa matatu za Bamburi na Mtwapa wanaita Kengeleni tangu alfajiri, abiria wanashuka, wengine wanavuka kuelekea soko la Kongowea, wengine wanaingia Nyali kazini, na kengele yenyewe imetundikwa palepale kando ya barabara. Wengi wetu tumeipita miaka na miaka bila kuinua macho. Ilikuwa ikigongwa kuwatahadharisha wakazi wa Frere Town kwamba wakamata watumwa wanakuja.

Hao wakazi walitoka wapi? Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza, alifika Unguja kumtaka Sultani Barghash aifunge biashara ya watumwa. Sultani alikataa, na ni baada ya kutishiwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari ndipo alipotia saini, tarehe 5 Juni mwaka huo. Soko la Unguja likafungwa, na kuwasafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Lakini biashara haikukoma siku wino ulipokauka. Majahazi yaliendelea kupita kwa kificho, manowari zikawa zinayakamata, na kila jahazi lilipokamatwa swali lilikuwa lilelile: watu hawa wapelekwe wapi? Kwao ni Nyasa, ni Uyao, mwendo wa miezi, na njia yote ina wanaowawinda. Ndipo wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, chini ya William Salter Price, walipopata ardhi Kisauni na kuanzisha mji mwaka 1875 wakaupa jina la Frere. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo manowari iliyoitwa Thetis ilishusha hapo watu zaidi ya 200 kwa mara moja, watoto wakiwa wengi miongoni mwao.

Simulizi zetu huishia hapo, kana kwamba Mzungu alifungua mlango na Mwafrika akaingia, basi. Nawaomba tuisimulie zaidi ya hapo. Waliowapokea wageni wale, wakawafundisha lugha, useremala na kusoma, walikuwa Waafrika wenzao waliotoka Bombay. Nao pia walitekwa wangali wadogo, wakaokolewa baharini, wakalelewa India katika kituo cha Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakarejea pwani hii wakiwa watu wazima wenye kazi za mikono na kalamu. Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa katika kundi lililobeba maiti ya David Livingstone kutoka ndani ya bara hadi ufukweni baada ya mmishenari huyo kufariki mwaka 1873. Wellington aliishi Mombasa mpaka uzeeni na akafia hapa mwaka 1935. Wako watu wazima leo ambao babu zao walimwona kwa macho.

Mwingine ni William Jones. Alifika Rabai mapema, mwaka 1864, pamoja na Ishmael Semler, na mwaka 1885 wote wawili wakapewa ushemasi na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Jones akafuatana na askofu safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba, ni Jones aliyeukusanya msafara uliokuwa umebaki nyuma na kuurudisha pwani.

Hiyo peke yake inatosha kumtia mtu vitabuni, lakini mimi namheshimu Jones zaidi kwa yaliyotokea Rabai miaka mitatu baadaye. Watoro waliokimbia mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi walikuwa wamejaa pale, wakijenga vibanda na kulima, na kanisa lilikuwa na amri ya kutowapokea ili kuepuka vita na wenye watumwa. Jones na wenzake waliwajua vizuri watu wale. Walikuwa ni wao wenyewe wa miaka iliyopita. Hawakuwafukuza. Mabwana walipokuja kuwadai mwaka 1888, mambo yalikaribia kuwa ya bunduki, hadi George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipokubali kulipa fedha. Tarehe 1 Januari 1889, watu wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru, mmoja mmoja. Hebu wazeni foleni hiyo: mtu amesimama juani tangu asubuhi akingoja karatasi inayosema kwamba yeye si mali ya mtu.

Na Frere Town yenyewe haikuwa pepo. Msimamizi mmoja wa kituo alitawala kwa mijeledi na kuwafungia watu, na waliopinga ni wakazi wenyewe. Walilalamika, wakaandika, wakapaza sauti mpaka mapema miaka ya 1880 habari ikafika kwa ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, na msimamizi akaondoka. Watu waliokombolewa juzi waliwaambia waliowakomboa kwamba ukombozi haumpi mtu ruhusa ya kuwapiga. Sijui tendo la haki za raia lililo wazi kuliko hilo katika historia ya kaunti yetu, na lilitendeka mahali ambapo leo tunapanda tuktuk.

Habari hizi hazikupotea kwa sababu wapo walioziandika. James Mbotela, mwana wa mmoja wa watu waliokombolewa, aliandika "Uhuru wa Watumwa", kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 kwa Kiswahili, lugha ya watu wa pale. Na wengi wetu tulikua na sauti ya Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huohuo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940, akituuliza redioni mwaka baada ya mwaka kama hayo tunayoyatenda ni ungwana. Alifariki Februari 2025. Mataifa makubwa yana watafiti wa kufuatilia koo za namna hiyo. Sisi tunao watu wenyewe, majirani zetu, wanaonunua mboga soko moja na sisi.

Sasa niseme lile linalotuzuia. Hapa pwani kuitwa mtoto wa mtumwa lilikuwa tusi, na bado ni tusi. Kuna nyumba ambazo nyanya alijua kabisa mama yake alitoka wapi na akaamua kufa na siri hiyo, watoto wakapewa ukoo wa kuazima wakaishi nao. Simlaumu. Sheria iliyoifuta hadhi ya utumwa katika Kenya ya leo ilikuja mwaka 1907, na waliopangiwa fidia walikuwa wenye watumwa. Walioachwa huru waliachwa bila ardhi, na kwa watu wengi wa aina hiyo siri ndiyo ilikuwa kinga pekee. Lakini kinga hiyo leo inawanyima wajukuu jambo kubwa: kujua kwamba wanatoka kwa watu waliovuka baharini mara mbili, wakaanza upya bila jamaa, na bado wakajenga shule. Chuo cha theolojia kilichoanzia Frere Town mwaka 1903 ndicho kilichohamia Limuru mwaka 1930 na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Aibu hapo iko wapi?

Nawaita pia ndugu ambao nyumba zao zilikuwa upande wa pili, upande wa wenye mashamba. Njooni. Hakuna mtu aliye hai anayeshitakiwa. Katika sanduku lenu huenda kuna barua, hesabu za shamba au orodha ya majina ambayo familia nyingine imeitafuta kwa vizazi vitatu. Ukiitoa barua hiyo, umemrudishia mtu ukoo wake.

Nivuke Makupa niende Changamwe. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 1947 makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli hawakwenda kazini, na muda si muda waliwafuata wa mahoteli, wapishi na watumishi wa majumbani. Wapatao 15,000 waligoma kwa karibu wiki mbili. Mji ulisimama. Walikuwa wakidai mshahara unaotosha kulipa kodi ya chumba na kununua unga baada ya vita kupandisha bei ya kila kitu. Katika vuguvugu hilo ndipo lilipozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na kijana Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Baraza la usuluhishi lililoongozwa na Jaji Thacker liliwaongezea wafanyakazi mshahara, lakini Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti akapelekwa kuishi kizuizini Baringo kwa miaka kama kumi. Makuli walikuwa wamegoma kabla, mwaka 1939, na wakagoma tena Machi 1955, Tom Mboya akaja kusimamia mazungumzo.

Jina la Kibachia tunalo. Jina la Mboya liko kwenye barabara na shule. Nataka majina ya makuli. Chaani, Magongo, Mikindani na Port Reitz zimejaa nyumba ambamo baba au babu alibeba magunia gatini, na ndani ya kabati kuna kadi ya chama cha wafanyakazi iliyoraruka pembeni, kitambulisho cha bandari chenye picha ya kijana asiyetabasamu, au risiti ya ada ya shilingi chache. Vitu hivyo vinatupwa tunapohama nyumba na tunapogawana vyombo baada ya mazishi. Kwa mtu wa makumbusho, kadi ile ina thamani kuliko mzinga, kwa kuwa mizinga ipo mingi duniani na kadi ile ni moja.

Wenzetu wa Memphis, Marekani, wametuonyesha jinsi ya kufanya. Mwezi wa Februari 1968 wazoa taka 1,300 wa mji huo waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na lori la taka. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na tarehe 4 Aprili akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya hoteli ndogo ya Lorraine. Hoteli ile ingeweza kubomolewa ikawa kiwanja cha magari. Wakazi walichanga, wakainunua, na mwaka 1991 ikafunguliwa kuwa Makumbusho ya Kitaifa ya Haki za Raia. Nikifikiria kazi yao, kinachonivutia zaidi ni yale yanayofanyika ndani mwaka mzima: siku za kumbukumbu zenye watu, tuzo ya kila mwaka kwa wapigania haki walio hai, watoto wa shule wakisikiliza wagomaji wazee wakieleza kwa midomo yao. Makumbusho ya namna hiyo yanaanza kabla ya kuta. Yanaanza na watu kukubaliana kukutana tarehe fulani.

Na tuzo kwa walio hai, hapo nina dukuduku. Katika Mikindani kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianzishwa pembeni yake, ukuta kwa ukuta, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi ulitua kwenye mabati, maji yenye sumu yakapita uani, kuku wakafa, watoto wakawashwa ngozi na kuharisha, mimba zikaharibika. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa hili na lile bila nafuu, hadi vipimo vya damu vilipoonyesha risasi mwilini mwake. Omido aliacha kazi, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama wapeleke watoto kupimwa. Wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2023 Tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Kesi ya kijiji ilishinda Mombasa mwezi wa Julai 2020 kwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikatenguliwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Nchi nzima sasa ina hukumu inayosema kwamba haki ya mazingira safi iliyo katika Katiba ni haki ya mtu wa kibanda cha mabati pia.

San Francisco ilimpigia makofi. Stockholm ilimpigia makofi. Je, sisi tulimwandalia nini? Na wale akina mama waliopanga foleni na watoto mgongoni wakatolewa damu, wakasimama mahakamani wakaeleza mambo ya ndani kabisa ya miili yao mbele ya mawakili, wale waliofiwa na bado wakarudi kutoa ushahidi, nani kati yetu anaweza kuwataja watano? Wapo, tunapishana nao. Mtu asingoje kufa ndipo asifiwe kwenye tangazo la mazishi. Ningependa siku hiyo ya Mashujaa Mikindani iwaketishe mstari wa mbele, wapewe cheti chenye majina yaliyoandikwa vizuri na leso mpya, na watoto wa shule ya pale wawasomee walichokifanya. Gharama yake haifiki ya harusi moja ya wastani.

Likoni, najua mna mambo mazito, na sitayapitia kwa undani kwa sababu wenye kuyasimulia ni ninyi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi, 272 wakafa. Kila anayevuka salama leo anadai kila siku haki ambayo wale hawakuipata, na kila anayeandika malalamiko kuhusu msongamano au chombo kibovu anaendeleza kazi yao. Majina yote yasomwe, hata kama yatachukua saa nzima. Halafu kuna Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na majirani waliotoka mikoa mingine wakauawa na kufukuzwa majumbani, kisha vijana wengi wa pwani wakakamatwa na kuteswa katika msako. Ni historia ya maumivu kwa pande zote mbili, na ndiyo maana wengi wanaona heri ikae kimya. Mimi naomba tuanzie mahali panapowezekana: kama nyumbani kwenu mlimficha jirani, au kama ninyi ndio mliofichwa, leteni jina la aliyefungua mlango. Tukisoma majina kumi tu ya namna hiyo, watoto wetu watajua kwamba hata wiki ile kulikuwa na njia nyingine ya kuishi, na walikuwapo walioichagua.

Sasa tufanyeje? Ile tarehe tunayo. Katiba ya 2010 iliifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Sikukuu ya Mashujaa wote, si ya mtu mmoja kama zamani. Mwaka 2019 sherehe ya kitaifa ilifanyika kwetu, pale Mama Ngina, kisiwani, na ilipendeza. Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014 ndiyo iliyoleta Baraza la Kitaifa la Mashujaa, na Baraza limekuwa likiwaalika wananchi kupendekeza majina ya mashujaa wa sehemu zao. Watu wa pwani tumekuwa wazito kupeleka. Mekatilili wa Menza ana sanamu Malindi kwa sababu Wagiriama hawakuacha kumtaja tangu alipoongoza watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Walimtaja nyumbani, kwenye kaya na katika ngoma, hata serikali ikalazimika kusikia.

Tarehe ya pili ni 23 Agosti, siku ambayo UNESCO imeitenga duniani kote kukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Unguja wanayo sehemu ya kukutania, pale Mkunazini lilipokuwa soko, penye kanisa kuu la Kianglikana na mnara wa kumbukumbu. Sisi tuna Kengeleni. Nawaomba wazee wa Frere Town, waumini wa Kanisa la Emmanuel na maimamu wa misikiti ya jirani waiombe kaunti na Makumbusho ya Taifa watupe asubuhi moja mahali pale: barabara ipunguzwe magari, historia isomwe kwa Kiswahili, kengele igongwe na mtoto wa darasa la nne. Walimu, kabla ya siku hiyo wapelekeni wanafunzi Rabai wakaone makumbusho yaliyo katika kanisa la kale la wamishenari Krapf na Rebmann. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na ndipo walipopewa hati wale watu 1,400.

Kuhusu Oktoba, kazi yenyewe ni ya mikono na haihitaji mfadhili. Mzee wa mtaa aitishe kikao cha jioni, maskani, uwanjani au chini ya mwembe, chifu ajulishwe, na mwakilishi wa wadi aalikwe kama msikilizaji, si kama mhutubu. Vijana wenye simu nzuri ndio wenye kazi kubwa zaidi. Kaa na babu yako au nyanya yako, mwache aseme polepole, rekodi sauti, na usimkate anapopotea njia, kwa sababu mara nyingi jina linalotafutwa limejificha katika hadithi ya mtu mwingine. Andika jina kamili, la ukoo na la utani, mahali alipozaliwa, alipoishi, alichofanya, na nani mwingine aliyekiona. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Jina lenye mashahidi wawili linasimama mbele ya kamati yoyote. Picha na karatasi zipigwe picha palepale mezani na za asili zirudi kwa mwenyewe jioni hiyohiyo. Mtu akitaka kuzikabidhi makumbusho, aende mwenyewe na jamaa yake, apewe hati ya mapokezi na jina la familia liandikwe pamoja na kitu.

Na majina ya wanawake yasianguke njiani. Katika kumbukumbu za migomo ya bandari tunasoma juu ya makuli na viongozi wao, lakini mgomo wa wiki mbili bila mshahara ulipikiwa na mtu. Muulizeni kila mzee: wakati ule nyumbani mlikula nini, na nani alikitafuta?

Tutahitaji viti, kipaza sauti kimoja kinachofanya kazi, chai na mahamri kwa wazee, na daftari kubwa la jalada gumu kwa kila mtaa. Mwenye mwandiko unaosomeka ajitokeze wa kwanza, maana majina yatakuwa mengi.